Hatifungani: Historia Fupi ya Kumkopesha Mtawala

Kila mwaka, wastaafu wanapoanza kupokea viinua mgongo vyao, huwa nakutana na swali lilelile: "Mwalimu, hizi hatifungani ni kitu gani hasa, na je, fedha yangu itakuwa salama?" Anayeuliza kwa kawaida amekwisha kusikia nusu ya jibu kutoka kwa watu wa benki: kwamba kuna asilimia kadhaa kwa mwaka, kwamba fedha huingia kila baada ya miezi sita, kwamba hakuna kuku wa kufa wala shamba la kukauka. Nusu ya pili, ile ya usalama, ndiyo inayomkosesha usingizi. Mimi si dalali wa soko la mitaji na sitamwambia mtu aweke wapi akiba yake. Kazi yangu ni historia. Lakini usalama wa hatifungani ni jambo la historia kuliko watangazaji wake wanavyopenda kukiri, na kwa sababu hiyo leo naomba niingie katika soko lisilo langu.

Tuanze na kilicho rahisi. Hatifungani ni deni lililoandikwa. Mwenye hisa ni mshirika wa kampuni: ikinawiri hugawiwa faida, ikianguka huanguka nayo. Mwenye hatifungani ni mdai. Amekopesha kiasi fulani, kwa muda fulani, kwa riba iliyotajwa tangu siku ya kwanza, na muda ukitimia (wenyewe husema hatifungani "imeiva") anarudishiwa mtaji wake. Ukimkopesha mdaiwa shilingi milioni 10 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 12, utapokea milioni 1 na laki 2 kila mwaka, kwa kawaida kwa mafungu mawili ya laki 6, kisha mwaka wa kumi unarudishiwa zile milioni 10. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule ya msingi. Kisichoweza kufanywa kwa kalamu ni kujua kama mdaiwa atalipa. Tena mdaiwa mkubwa katika soko hili, hapa na kwingineko, ni serikali, yaani mdaiwa mwenye mahakama, polisi, bunge na mtambo wa kuchapa noti. Utamdai vipi mtu kama huyo akikataa?

Historia nzima ya hatifungani imo ndani ya swali hilo.

Tukitafuta mwanzo, wanahistoria wengi hutupeleka Venice, mji wa wafanyabiashara uliosimama juu ya maji. Mwaka 1172 mtawala wake, aliyeitwa Doge, alitaka manowari za kupigana na Kaisari wa Constantinople. Hazina haikutosha, hivyo raia wenye mali wakalazimishwa kuikopesha dola. Msafara huo uliishia katika tauni, na Doge aliporudi mjini aliuawa na watu wake. Deni likabaki. Mwaka 1262 dola iliyakusanya madeni yake ya namna hiyo katika mfuko mmoja na kuahidi riba ya asilimia 5 kwa mwaka, ilipwe kwa mafungu mawili. Mstaafu wa Morogoro anayepokea riba yake mara mbili kwa mwaka anafuata desturi ambayo wafanyabiashara wa Venice wangeitambua mara moja.

Jambo la maana zaidi likatokea bila kupangwa. Kwa kuwa dola haikuwa na haraka ya kurudisha mtaji, wenye madai waliohitaji fedha walianza kuwauzia wenzao haki ya kupokea riba. Bei ya haki hiyo ilipanda nyakati za amani na kushuka nyakati za hatari. Katika vita vya Chioggia dhidi ya Genoa, kati ya 1378 na 1381, riba ilisimamishwa na bei ikaporomoka. Hivyo basi, miaka mia kadhaa kabla ya magazeti, Venice ilikuwa na kipimo cha imani ya raia kwa dola yao, na kipimo hicho kilisomwa sokoni kila siku. Watawala hawakukipenda. Mwaka 1351 walipiga marufuku uvumi uliokusudiwa kushusha bei ya hati za dola. Msomaji atanisamehe nikitabasamu kidogo hapo, maana hamu ya kuvunja kipimajoto ili kuondoa homa haikuishia Venice.

Lakini Venice ilikuwa na sifa moja ambayo falme jirani zilikosa: waliokopesha ndio walioketi katika mabaraza yaliyoamua kodi na matumizi. Mkopaji na mkopeshaji walikula meza moja. Mfalme alikuwa kiumbe mwingine kabisa. Philip II wa Hispania, mwenye fedha na dhahabu ya Amerika, aliwageuka wadai wake mara kadhaa, ya kwanza mwaka 1557 na ya mwisho mwaka 1596. Charles II wa Uingereza alisimamisha malipo ya Hazina mwaka 1672, na wafanyabiashara wa fedha wa London waliomwamini wakafilisika. Kwa mfalme wa namna hiyo, kukopa kulikuwa harusi kama methali isemavyo, ila matanga yalifanyika nyumbani kwa mkopeshaji. Baada ya mapinduzi ya 1688, Bunge la Uingereza lilipochukua funguo za kodi na matumizi, hali ilibadilika. Mwaka 1694 Benki Kuu ya Uingereza iliundwa kwa kuikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Katikati ya karne iliyofuata serikali hiyohiyo ilikuwa ikikopa kwa asilimia 3 tu. Waingereza hawakuwa wamegeuka malaika. Aliyeahidi kulipa na aliyetakiwa kulipwa walikuwa sasa katika ukumbi mmoja, na kuvunja ahadi kungekuwa kujiibia.

Niruhusu sasa nikuoneshe hatifungani ninayoipenda kuliko zote. Imo katika Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, nayo imeandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mbuzi. Tarehe yake ni 15 Mei 1648. Aliyekopa hakuwa mfalme wala jemadari. Ilikuwa bodi ya maji ya Lekdijk Bovendams nchini Uholanzi, chombo cha wenyeji kilichotunza kingo za mto Lek. Mto ulikuwa ukila ukingo kwenye kona yake, na bodi ikahitaji fedha za kujenga vizuizi vya kuelekeza mkondo. Ikakopa guilder 1,000 kwa riba ya asilimia 5, bila tarehe ya kurudisha mtaji: yeyote atakayekuwa na hati hiyo alipwe riba yake milele.

Vita vikapita. Napoleon akaja na kuondoka. Sarafu ya guilder ikafa, ikazaliwa euro. Bodi yenyewe ikaunganishwa na nyingine na kubadili jina. Riba ilipunguzwa baadaye hadi asilimia 2.5, ila haikufutwa. Yale iliinunua hati hiyo mwaka 2003, na mwaka 2015 mtunzaji wa maktaba alisafiri hadi Uholanzi kudai riba ya miaka 12. Warithi wa bodi ile walimlipa euro 136 na senti 20. Fedha hiyo haikutosha hata nauli yake, na hakuna aliyejali. Walilipa kwa sababu jina lao lilikuwa limeandikwa pale.

Kwa nini hati ile haikufa? Nadhani sababu imo katika kazi ya bodi. Wenye mashamba nyuma ya ukingo walikuwa na sauti katika uendeshaji wake. Wao ndio waliolipa ushuru, na mashamba yao ndiyo yangezama. Mto haukubali kudanganywa: mwaka ukiacha kukarabati ukingo, maji yanaingia. Kwa hiyo bodi ilijua itahitaji kukopa tena, na tena. Mkopaji anayejua kwamba atarudi mlangoni kwako hutunza jina lake.

Sasa weka kando ngozi ya mbuzi na uchukue karatasi nyingine, ya thamani kubwa zaidi kwa macho: hatifungani ya Tsar wa Urusi, yenye nakshi, tai mwenye vichwa viwili, maandishi ya lugha kadhaa, na vipande vidogo vya karatasi vilivyopangwa safu kwa safu. Vipande hivyo viliitwa kuponi. Siku ya riba ilipofika, mwenye hati alichukua mkasi, akakata kimoja, akakipeleka benki na kulipwa. Ndiyo maana hadi leo, ingawa karatasi zimekwisha na kila kitu ni namba katika kompyuta ya Benki Kuu, riba ya hatifungani bado huitwa kuponi.

Mwaka 1887 Bismarck aliufunga mlango wa Berlin kwa hati za Kirusi. Mwaka uliofuata Urusi ikaanza kukopa Paris. Mfaransa wa tabaka la kati alikuwa mtu wa kuweka akiba: mwalimu, mjane, mwenye duka, mkulima aliyeuza mavuno vizuri. Mabenki yalimshawishi, serikali yake ilimshawishi kwa kuwa ilitaka urafiki na Urusi dhidi ya Ujerumani, na magazeti yalimshawishi kuliko wote. Baadaye ilijulikana kwa nini. Arthur Raffalovich, wakala wa fedha wa Urusi mjini Paris, alikuwa akiyahonga magazeti ili yaisifie hali ya Urusi. Barua zake zilichapishwa na gazeti la *L'Humanité* katika miaka ya 1923 na 1924.

Palikuwa na onyo, tena la wazi. Urusi ilishindwa vita na Japani mwaka 1905 na nchi ikawaka moto wa mapinduzi. Mwezi Desemba mwaka huo, baraza la wafanyakazi la St. Petersburg lilitangaza kwamba wananchi hawatayatambua madeni ambayo Tsar anayachukua huku akiwapiga vita watu wake. Miezi michache baadaye, Aprili 1906, siku chache tu kabla ya Bunge la kwanza la Urusi kufunguliwa, Tsar alipata mkopo wa faranga milioni 2,250, zaidi ya nusu yake kutoka Ufaransa. Fedha hizo zilimwezesha kutolihitaji Bunge. Kabla ya miezi mitatu kutimia akalivunja.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wasimame kidogo. Mjane wa Lyon hakudhani anashiriki siasa. Alidhani anaweka akiba. Lakini fedha yake ndiyo iliyomwondolea mtawala sababu ya kuwasikiliza watu wake, na watu hao ndio ambao hatimaye walitakiwa kumlipa mjane huyo. Februari 1918 serikali ya Wabolshevik ilifuta madeni yote ya Tsar. Wafaransa zaidi ya milioni moja walibaki na karatasi nzuri zisizo na kitu. Familia zilizirithishana sandukuni kwa vizazi. Katika makubaliano yaliyoanza mwaka 1996, Urusi ililipa dola milioni 400 kufunga suala hilo, kiasi ambacho, kikigawanywa, kilikuwa kifuta jasho tu.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba hatari daima ni ya mkopeshaji. Historia yetu wenyewe inakataa. Mwaka 1921 koloni jipya la Kenya lilikopa London pauni milioni 5 kwa riba ya asilimia 6, sehemu kubwa ikiwa ya reli na bandari. Wakopeshaji walilipwa. Waliobeba kodi ya vibanda na ya kichwa, ambayo ilikuwa nguzo ya mapato ya koloni hilo, hawakuulizwa. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944. Mwaka uleule wa mkopo, Harry Thuku alianza kuwakusanya watu Nairobi kulalamikia kodi, kipande na mishahara iliyokatwa. Machi 1922 alikamatwa, na umati uliokusanyika kumdai ukapigwa risasi. Katika vitabu vya London, deni la Kenya lilihesabika kuwa salama. Naomba neno "salama" lisomwe kwa uangalifu kila linapoandikwa katika tangazo la fedha: ni salama kwa nani, na kwa gharama ya nani?

Ipo pia njia ya tatu, ambayo mdaiwa hulipa kila senti na mdai akafilisika. Ujerumani iligharimia Vita Kuu ya Kwanza kwa kuwauzia raia wake hatifungani za vita, awamu tisa, takriban mark bilioni 98 kwa jumla. Waliozinunua walikuwa wazalendo na watu wa akiba. Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani ya mark trilioni 4.2. Akiba ya maisha yote haikununua mkate. Deni halikukanwa kama la Tsar; liliyeyuka. Sisi hatukufika huko, lakini waliokuwa na fedha benki katikati ya miaka ya 1980, mfumuko wa bei wa Tanzania ulipopita asilimia 30 kwa mwaka, hawahitaji mhadhara wangu. Riba ya asilimia 12 wakati bei zinapanda kwa asilimia 4 ni faida. Riba hiyohiyo wakati bei zinapanda kwa asilimia 30 ni kukatwa mshahara kimyakimya.

Turudi nyumbani. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani za Serikali za miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata riba ya hati mpya za muda huohuo ikashushwa hadi asilimia 12.56. Minong'ono ilikuwa mingi, nami nilisikia wengi wakiamini kwamba waliotangulia wamepunguziwa. La hasha. Mwenye hati ya 2021 ya shilingi milioni 10 aliendelea kupokea milioni 1 na elfu 595 kwa mwaka, wakati mwenye hati mpya ya kiasi hicho alipata milioni 1 na elfu 256. Hati ya zamani ikawa mali ya kutamaniwa, na aliyetaka kuiuza katika Soko la Hisa la Dar es Salaam angeweza kudai bei ya juu ya zile milioni 10. Riba za hati mpya zingepanda, angelazimika kuuza kwa hasara. Anayeanza na akalielewa hilo ameelewa nusu ya soko: riba ya hati yako haibadiliki, bei yake hubadilika, nayo hubadilika kinyume cha riba mpya. Asiyelazimika kuuza kabla ya hati kuiva anaweza kulala. Anayejua kwamba atahitaji fedha baada ya miaka miwili hana sababu ya kununua hati ya miaka 25.

Je, serikali ya Kiafrika yaweza kuwageuka raia wake waliomkopesha kwa sarafu yake yenyewe? Desemba 2022, huku mfumuko wa bei ukipita asilimia 50, Ghana iliwatangazia wenye hatifungani za ndani kwamba hati zao zibadilishwe kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Waliotishika kuliko wote walikuwa wastaafu. Februari 2023 wazee hao walikwenda kuketi nje ya Wizara ya Fedha mjini Accra na mabango yao, na Sophia Akuffo, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo, akaungana nao. Serikali iliwaondoa katika mpango huo. Kilichowaokoa hakikuandikwa katika hati zao. Waliweza kuketi pale bila kupigwa risasi, magazeti yakaandika, na wizara ikaona haya.

Kwa sababu hiyo, mstaafu anayeniuliza kuhusu usalama huwa namrudishia maswali ambayo dalali hatamuuliza. Je, umesoma Serikali inakopa kwa ajili gani mwaka huu? Unajua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilisema nini kuhusu deni la Taifa? Mbunge wako aliuliza chochote? Wengine hukunja uso, wakidhani nimewaingiza katika siasa. Waliingia wenyewe siku waliyosaini fomu ya kumkopesha mtawala.

Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani yake, ikitafuta takriban shilingi bilioni 53 kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua usambazaji wa maji yanayotoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani. Ikapata zaidi ya ilichoomba. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka ile ngozi ya mbuzi: tena bodi ya maji, tena mto, tena fedha za watu wenye akiba. Tofauti moja inanishughulisha. Wakulima wa Lek walikuwa na sauti katika bodi yao, na walitembea juu ya ukingo uliojengwa kwa mkopo ule. Aliyenunua hati ya Tanga akiwa Mwanza au Dodoma hana ukingo wa kutembelea. Ana ripoti za hesabu za mamlaka hiyo, na wateja wa Tanga wenye bili mkononi wanaojua kama bomba linatoa maji au upepo. Hati yenyewe itaiva mwaka 2034.